Mdai Chumbani, Mdaiwa Sebuleni

Tangu mahakama ziingie mtandaoni, sifa zinazosikika ni zile zile: nauli imepungua, foleni zimepungua. Sizikatai. Maradhi ya Korona yalipofunga milango mwaka 2020, Idara ya Mahakama ilianza kupokea kesi kwa mtandao jijini Nairobi, na mwaka 2024 utaratibu huo ukaenezwa nchini. Leo mwanamke wa kisiwani hulipa ada ya kesi kwa simu bila ya kupanda mashua. Alhamdulillahi.

Lakini nilipoketi ubavuni mwa mpwa wangu siku kesi yake ya matumizi ya watoto iliposikilizwa kwa simu, lilinijia suali ambalo sijalisikia likiulizwa: mwanamke huyu azungumzie wapi?

Alikuwa ndani ya eda, na eda ya talaka rejea, kama tujuavyo, hukaliwa nyumbani kwa mume. Basi mdai yu chumbani, mdaiwa yu sebuleni na simu yake, na mama mkwe akiingia na kutoka kutafuta sufuria ambayo, wallahi, haikuwamo chumbani mle. Kadhi alimwuliza ni lini mara ya mwisho alipopewa pesa. Akajibu kwa kunong'ona. Akaambiwa apaze sauti, hasikiki. Akanyamaza kabisa.

Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinawapa makadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Yaani yale hasa yasemwayo nyuma ya pazia. Mirathi, pengine, yafaa simu, maana mrithi mmoja yuko Mombasa na mwengine Muscat. Lakini mke atamshitakije mume kwa sauti kubwa chini ya paa la mume huyo? Chumba cha mahakama, kwa udogo wake na joto lake, angalau si cha mtu.

Kimya kilipozidi, mpwa wangu aliandika kwenye simu: "Naomba nije mwenyewe." Kadhi aliusoma ujumbe, hakumwuliza sababu, akapanga tarehe nyengine. Siku hiyo alisema yote, mpaka karani akamwomba apunguze mwendo ili aandike. Kesi ingali inaendelea. Tarehe ijayo ameomba kufika tena, na nauli yake nimeshaiweka kando.