Ramani ya mtaa kwenye karatasi ya daftari

Mtoto wake wa mwisho alipoharisha kwa mara ya tatu tangu masika yaanze, mama mmoja wa Vingunguti, Dar es Salaam, hakuishia kumpa ORS na vidonge vya zinki. Alichana karatasi katikati ya daftari la kaka yake mtoto, akachora mtaa.

Alianza na nyumba, kisha vyoo, mfereji, jalala na visima. Jioni akapita nyumba hadi nyumba akiuliza: nani ameharisha mwezi huu, na mnachota maji wapi? Kila mgonjwa akamwekea nukta ya wino mwekundu.

Hakujua kwamba mwaka 1854 daktari John Snow alifanya kazi kama hiyo mjini London. Wengi wakati huo waliamini kipindupindu huletwa na hewa chafu. Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akaona vingi vimezunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa.

Nukta za mama huyu nazo zilizunguka kisima kimoja. Kilikuwa cha mama mkwe wake. Maji ya kisima hicho, ndoo kwa ndoo, ndiyo yaliyomsomesha mumewe.

Usiku ule hakulala. Akinyamaza, mtoto ataugua tena. Akisema, ataonekana anamharibia mzee riziki. Asubuhi alikwenda na karatasi yake, bila lawama.

"Mama, naomba tuhesabu hatua."

Wakahesabu kutoka kisimani hadi choo kipya cha jirani, upande wa juu: hatua 12. Maofisa afya hushauri mita zisizopungua 30, kwa sababu uchafu wa choo hupenya ardhini, hasa wakati wa mvua.

Bibi aliitazama karatasi kwa muda mrefu. "Mbona nyumba hii haina nukta? Hawa nao wanachota kwangu."

"Wanachemsha, mama."

Ramani haiwezi kupima maji, hivyo wakaenda wote wawili kwa ofisa afya wa kata kuomba yapimwe. Majibu bado. Bibi ameshusha bei ya ndoo, na hakuna mteja anayejitwisha kabla hajaambiwa: "Haya ya kufulia, mwanangu. Ya kunywa, chemsha kwanza."