Pazia Kati ya Baba na Watoto

Yapo mambo ambayo mtu huyatenda bila ubaya wowote wa moyo, kisha akaja kuyaonea haya baadaye. Mojawapo nililitenda mimi nikiwa angani, baina ya Dar es Salaam na London, na leo nalieleza hapa kwa sababu naamini si mimi peke yangu niliyelitenda.

Nilikuwa nimealikwa kwenye semina ya waandishi wa habari mjini London, na wenyeji wakanilipia tikiti ya daraja la biashara. Mke wangu, ambaye dada yake anaishi Uingereza na walikuwa hawajaonana kwa miaka 6, akasema kuwa nafasi ndiyo hiyo. Tukakusanya akiba yetu yote, tukanunua tikiti tatu za daraja la kawaida katika ndege ile ile: yake, ya binti yetu wa miaka 7, na ya mdogo wake wa miaka 3. Habari ya nani atakaa wapi hatukuizungumza hata siku moja. Mimi nilidhani kwamba tikiti zilikwisha kuamua. Yeye, kama nilivyokuja kutambua, alikuwa akingoja niseme neno.

Tulipoingia ndegeni usiku ule, mhudumu alinielekeza mimi kushoto, wenzangu akawaelekeza kulia. Binti yangu akaniuliza, "Baba, wewe huji na sisi?" Nikamjibu kuwa tutaonana baadaye, nikamshika kichwa kama mtu anayeaga kwenye kituo cha basi.

Ndugu msomaji, kama hujapata kupanda ndege hizi za masafa marefu, mpango wake ni huu. Chukua mfano wa Boeing 787-8 ya shirika letu la ndege, ambayo ya kwanza ilipokelewa nchini mwaka 2018. Ina viti 262. Kati ya hivyo, 22 vya mbele ni vya daraja la biashara na 240 vya nyuma ni vya daraja la kawaida. Ndege tuliyopanda sisi ilikuwa ya shirika la kigeni, lakini mpango ulikuwa wa namna hiyo hiyo, na kati ya pande mbili palikuwa na pazia. Daraja hili la biashara si la zamani sana. Lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, mashirika yalipotaka kuwaridhisha wasafiri wa kikazi waliolipa nauli kamili huku wakiketi pamoja na watalii waliopunguziwa bei. Lilibuniwa kwa ajili ya mtu anayesafiri peke yake kwenda kazini, wala halikubuniwa kwa ajili ya baba aliyewaacha mkewe na watoto nyuma ya pazia.

Kabla ya kuruka tulielezwa juu ya barakoa za oksijeni: kila mtu avae yake kwanza, ndipo amsaidie mtoto aliye karibu naye. Nilisikiliza kwa utulivu. Haikunipitikia akilini kwamba mke wangu alikuwa na mikono miwili na watoto wawili, nami nilikuwa safu nyingi mbele yake. Baadaye nilisoma kwamba mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inashauri watoto wakae karibu na mtu mzima wa familia yao, ikiwezekana safu moja, kwa kuwa penye hatari watu wa familia moja hutafutana kwanza, nao huwazuia wengine kutoka haraka.

Nilipewa chakula juu ya kitambaa cheupe. Kiti kikalazwa kikawa kitanda. Nikalala usingizi mzito hadi tulipokaribia Ghuba, ambako tungebadilisha ndege. Hapo ndipo nilipokumbuka kwenda kuwaamkia wenzangu.

Nilimkuta mke wangu amefunga kanga juu ya gauni lililochafuka, kwa maana mdogo alikuwa ametapika mara mbili. Binti yetu alikuwa akisinzia amekaa wima. Mtoto mwenyewe alikuwa amebebwa na mzee mmoja nisiyemfahamu, anayetembea naye polepole kwenye ujia huku akimpapasa mgongo. Mzee yule alinitazama, akauliza kwa upole, "Wewe ndiye baba yao?" Nikaitikia. Akanikabidhi mtoto, asiongeze neno. Mke wangu naye hakugomba wala hakununa. Aliniuliza tu, "Umeamkaje, baba?" Salamu hiyo huniambia kila asubuhi, lakini siku ile sikuweza kuiitikia.

Wakati huo nilimkumbuka marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Nilipokuwa mdogo, mwishoni mwa miaka ya 1990, tulikuwa tukisafiri kwa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Hati yake ilimruhusu kulala kitandani daraja la pili, nasi tulikata tiketi za daraja la tatu. Baba aliweka mzigo wake juu ya kile kitanda, akarudi kukaa nasi kwenye benchi usiku kucha. Tulipofika Saranda alishuka kutununulia kuku. Mama alimsihi akapumzike. Alijibu, "Safari yetu ni moja. Itakuwaje mimi nifike Kigoma mzima, na nyinyi mfike hoi?"

Katika ndege ya pili, yenye safari ya saa zipatazo 7, nilimwomba mkuu wa wahudumu aturuhusu tubadilishane viti. Si lazima wakubali, maana tikiti huwa na jina la mtu, lakini yeye alikubali. Mke wangu alikwenda mbele akalala hadi London. Mimi nilibaki na watoto: huyu anataka maji, yule anataka msalani, maji yanamwagika, kalamu ya rangi inapotelea chini ya kiti cha jirani. Nilifika nimechoka kuliko siku yoyote ya kazi, nami nikajua mke wangu aliubeba usiku ule peke yake kwa kiasi gani.

Sisemi kuwa ni dhambi watu wa nyumba moja kukaa madaraja tofauti. Mama mzee mwenye miguu mibovu anastahili kitanda, na mtu atakayeingia kazini mara tu anaposhuka anahitaji usingizi. Tena nauli ya kiti kimoja cha mbele mara nyingi hutosha kununua viti viwili au zaidi vya nyuma, na si kila familia inaweza kuwaweka wote mbele. Kosa langu halikuwa kukalia kiti kizuri. Nilikosa kwa kukubali kwamba kiti kile kimeniondolea wajibu wa ubaba kwa usiku mmoja, na kwa kutomuuliza mwenzangu hata mara moja.

Basi wenye kubahatika kupata tikiti za namna hiyo, zungumzeni nyumbani kabla ya safari. Amueni nani amechoka zaidi na nani atawaangalia watoto, na atakayekaa mbele awe na zamu yake ya kuja nyuma. Wakati wa kurudi sisi tuligawana usiku nusu kwa nusu, kwa ruhusa ya wahudumu, na kila mmoja alishuka akiwa na nguvu kidogo.

Tangu safari ile, hata tukipanda daladala kwenda Kariakoo, binti yangu huuliza kwanza, "Baba, wewe unakaa wapi?" Naye hapandi mpaka amenisikia nikijibu.