KUTOKA WODINI, SEHEMU YA 9: MVUA IMEKATA, USISHUKE KWANZA

Leo naongea na nyie mnaoshuka maduarani, na nyie kina mama mnaopika pale mwaloni, maana mara nyingi nyie ndio mnaoona mambo kabla ya mwenye duara.

Wengi wanaiogopa mvua ikiwa inanyesha. Sawa. Ila mimi nikiwa zamu naogopa zaidi siku ile jua limetoka, udongo wa juu umekauka vizuri, na vijana wameshakaa siku nne bila kazi. Mama watoto anadai, duka linadai, mwenye duara anapiga simu. Hapo ndipo watu wanashuka.

Maji ya mvua hayaishi mvua inapokata. Yanaendelea kuzama taratibu, yanaongeza uzito wa udongo na kuulainisha kule ndani usikokuona. Kwenye udongo wa mbuga ndio kabisa, kiangazi unapasuka nyufa pana, mvua ikija maji yanaingia moja kwa moja kwenye hizo nyufa. Juu pakavu, chini uji. Halafu pale mdomoni mmerundika kifusi, viroba vya mawe na winchi inatetemesha ardhi. Vyote hivyo ni mzigo juu ya ukuta uliolowa.

Januari 2024 pale Ng'alita, Bariadi, jirani zetu wa Simiyu, walikufa watu 22. Taarifa za serikali zilisema eneo lile lilikuwa limezuiwa kuchimbwa kwa sababu ya mvua kubwa. Lakini mawe yalikuwa mazuri, watu wakaingia. Aprili 2015 Kalole, wilayani Kahama, walikufa 19, mvua ile ile. Mkiambiwa "tulieni kwanza" mnaona serikali inawabania riziki. Hapana, jamani.

Wenzetu wa nchi za theluji wana kifo kinachofanana na hiki. Majira ya baridi yakiisha, jua linayeyusha theluji mlimani, maji yanapenya ndani, na kipande kizima kinakatika na kufunika watu. Wanaopita kule hupita mmoja mmoja penye hatari, wengine wanasubiri mahali salama wakimwangalia. Sisi tunashuka kumi kwa mpigo, juu amebaki mtoto wa kuvuta kamba. Angalau awepo mtu mzima juu, na majina ya walioshuka yaandikwe hata kwenye boksi la sigara. Unajua kuna ajali tunauliza wako wangapi chini, na kila mtu anataja namba yake?

Kabla hujashuka zunguka mdomo wa duara kwa miguu. Ukiona ufa mpya unaokwenda sambamba na mdomo, usishuke. Ukiwa chini ukasikia matimba yanalia, vijiwe vinadondoka bila mtu kugusa, au ukuta unatoa maji ya tope pale palipokuwa pakavu, acha moko na nyundo hapo hapo, panda. Na pampu ya mafuta isiwashwe ndani ya shimo kutoa maji. Moshi wake unaua kimya kimya. Mnamkuta mtu amelala kama kachoka.

Sasa ikitokea. Piga 114, Zimamoto, lakini wao wako mjini na nyie mko porini. Aliyefukiwa mpaka kifuani anaweza kufa hata kama kichwa kiko nje, kwa sababu udongo unabana, kifua hakipanuki. Kwa hiyo fukueni uso kwanza, halafu kifua, miguu baadaye. Msiingie wote mbio, ukuta uliobaki nao umelowa. Na hao mnaowaita waje na greda, lisisogezwe ukingoni.

Hili la miguu nataka ulishike. Mtu akibanwa mguu na jiwe zaidi ya saa moja, misuli inaanza kuharibika na sumu zake zinabaki pale pale. Mkinyanyua jiwe ghafla, vinarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana mnashangaa, "alikuwa anaongea na sisi, tumemtoa tu akafa." Tuiteni kabla ya kunyanyua. Dripu iingie akiwa bado amebanwa. Akitoka, angalieni mkojo: ukiwa na rangi ya kokakola, figo zinaumia, aletwe haraka hata kama anatembea.

Msikate tamaa mapema lakini. Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini. Geita, Januari 2017, wote 15 walitoka hai baada ya siku tatu. Ila mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula msimpokee na ugali na nyama kwa furaha. Mwili wake hauwezi, shibe ya ghafla inaweza kumuua. Mpeni maji kidogo kidogo, mfunikeni asipate baridi, mengine tuachieni sisi.

Utaniuliza, sista, nisubiri siku ngapi basi? Siwezi kukupa namba, maduara hayafanani. Ofisa madini aje aangalie, na wazee wa machimbo hapo hapo wanaojua ule mwamba. Kama hakuna aliyekagua, hapajakaguliwa, hata kama duara la jirani limeshaanza kutoa mawe.

Sehemu ya 10 nitaongelea zebaki na akina mama wanaochomea dhahabu jikoni.