Usiku Wangu wa Kwanza Jahazini

Msomaji mpenzi, wewe uliye bara labda wafikiri kama nilivyofikiri mimi, mtoto wa mkulima wa Uluguru, ya kuwa baharia akisafiri usiku hukaa karibu na pwani, ili jambo likitokea apate kuogelea hata ufukoni. Sivyo hata kidogo. Mchana pwani ni rafiki wa jahazi, lakini usiku ndiyo adui yake. Hayo niliyajua ujanani kwa usiku mmoja tu, katika jahazi la chumvi lililotoka Bagamoyo kwenda Tanga.

Labda utauliza, kwa nini msingoje asubuhi? Bagamoyo maji yakitoka majahazi hukaa juu ya mchanga, nayo hayaondoki mpaka maji yajae. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake tu, na siku kama hizo, ndizo za maji ya bamvua, pwani yetu hujaa kama saa kumi, jioni na alfajiri. Basi jioni tukaelea, tukatweka tanga, na kusi ikatusukuma. Kusi ni ule upepo wa toka mwezi wa nne hata wa tisa hivi, upelekao vyombo kaskazini. Safari yenyewe yapata kilometa 150, kwa hiyo giza lilikuwa lazima litukute njiani.

Jua lilipokuchwa niliona vijimoto vya watu upande wa Saadani, nikapata faraja. Kumbe nahodha alipoviona alielekeza usukani mbali navyo! Nikamwuliza, "Mzee, mbona twaiacha nchi?" Akanijibu, "Mwanangu, jahazi halivunjwi na maji. Huvunjwa na mwamba, na miamba iko huko unakokutamani."

Akanipa bildi niitupe. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ndefu, na chini yake hupakwa shahamu ili ilete mchanga au tope, nahodha apate kujua yu juu ya nini. Kamba ilipogusa chini upesi, mimi nilifurahi kwamba chini kupo, yeye akasonya. Kamba ilipokwisha yote bila kugusa kitu, mimi tumbo likaniuma, naye akawasha sigara yake kwa raha.

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa kufua maji. Jahazi la mbao huvuja, hata likiwa jema, na maji hukusanyika ngamani chini ya shehena. Chumvi ikipata maji huyeyuka. Nasi hatukuwa na mshahara: nauli hugawanywa mafungu, fungu la chombo na mafungu ya watu, na gunia lililoyeyuka hupunguza fungu la kila mmoja. Nyumbani nilikuwa nimeahidi ada ya mdogo wangu. Basi nilishuka na ndoo, nikapanda, nikashuka tena, mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipomwaga ndoo baharini maji yaliwaka kama vimulimuli. Mwenzangu akacheka aliponiona nikirudi nyuma. Ni vijidudu vya baharini tu, vidogo mno, ambavyo huwaka vikitikiswa.

Mbele yetu palikuwa Maziwe, na hapa sina budi kukueleza. Ni fungu la mchanga lililo kilometa chache kutoka pwani ya Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga. Mwaka 1975 serikali ilikitenga kiwe hifadhi. Lakini bahari ikaila ardhi yake, miti ikaanguka yote, na sasa maji yakijaa kisiwa chote hufunikwa. Nahodha alikuwa amekiona kikiwa na miti. Alisema mivinje ile ilimwongoza hata usiku wa nyota, lakini mchanga haumwongozi mtu.

Tulikaribia hapo kama saa nane. Msalaba wa Kusini, uliokuwa nyuma yetu tangu jioni, ulikuwa umekwisha kuzama, na Kilimia kikachomoza. Ndicho kile kile watazamacho wakulima. Upepo ukalegea, tanga likaanza kupiga-piga, na mkondo ukatuchukua ulivyotaka. Maji yalikuwa yakijaa. Nahodha akaniweka mbele kabisa, omoni, akawanyamazisha wote, akasema, "Sikiliza mawimbi yakivunjika. Yakisha kufunika fungu hutasikia kitu."

Sijapata kusikiliza hivyo maishani mwangu. Nilisikia damu yangu, nikasikia mbao zikilia, na baadaye, upande wa kushoto, sauti nyembamba kama mtu apetaye mchele. Nikapiga kelele. Bildi ikatupwa, ikagusa chini mara. Nahodha hakusema neno, aliusukuma usukani kwa kifua chake, nasi tukavuta demani, ile kamba ya tanga, mpaka viganja vikachubuka. Jahazi likageuka polepole mno kuelekea mashariki, kwenye giza tupu. Bildi ikatupwa tena, na tena. Mara ya tatu kamba ikaisha bila kugusa kitu, na safari hii mimi pia nilicheka.

Tuliona mnara wa Ulenge jua likiwa limepanda, tukaingia Tanga kama saa tatu. Tulipopakua, magunia mawili ya chini kabisa yalikuwa yamelowa. Mengine yote yalikuwa makavu.