Taa ya Freni ni ya Ule Anayekuja Nyuma

Wewe unayeendesha motokari, taa zako za freni hauzioni. Wewe uko mbele, zenyewe ziko nyuma. Ni za ule anayekufuata ku barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, mangaribi, wakati vumbi la makamyo limefunika yote. Bila zile taa, atajua namna gani kama umeanza kusimama? Basi, mara kwa mara uombe mutoto asimame pembeni kule nyuma, ukanyage freni, akuambie: zinawaka mbili, moja, ao hakuna?

Jibu lake linakuonyesha fasi ya kutafuta. Kama moja tu imezima, acha fuzibule, maana mara nyingi inatumikia zote mbili. Ubaya uko upande ule: ampuli imeungua, ao kutu imekula fasi inapokaa. Kama zote mbili zimezima, usikimbilie soko. Ni mara haba ampuli mbili kufa siku moja, isipokuwa moja ilikufa zamani na hakuna mutu aliona. Anza ku fuzibule, kiisha uende ku kontaktere, kale kabutoni kanakokaa juu ya pedale ya freni. Ku motokari za zamani kana nsinga mbili tu. Zitoe, uziunganishe na kipande cha waya: taa zikiwaka, ni kontaktere ndiyo imekufa ao haigusi tena pedale muzuri.

Kuna ubaya mwingine unaochanganya hata mafundi. Unakanyaga freni, na taa ndogo za usiku zinaanza kuwaka kidogo-kidogo. Hapo umeme umekosa njia ya kurudia ku batri, unapita mu taa ingine. Tafuta masi, ile nsinga inayofungwa ku chuma cha motokari. Toa skru, kwangua kutu, ukaze tena. Mimi, na hii mvula yetu, ndipo ninaangaliaga kwanza.

Na ninyi vijana, ile karatasi ya kungaa ya pakiti ya sigara! Munaifunga ku fuzibule iliyokatika, munasema kazi imekwisha. Taa mbili za wati 21, ku batri ya volti 12, zinakula ampere 3,5 tu. Fuzibule ya ampere 10 ao 15 ikikatika, pengine nsinga imegusa chuma. Karatasi haitakatika vile. Nsinga ndiyo itashika moto, chini ya kiti watoto wanapokaa.

Fuzibule mupya ikikatika tena kila ukikanyaga freni, usiweke ya nguvu zaidi. Fungua mulango wa nyuma, angalia nsinga pale zinapokunjika kila siku, ngozi yake inapasukaga pale. Mutu mwingine akanyage freni, wewe uzitikise polepole. Taa ikicheza, umekwisha kupata.