Ukufi wa Unga

Unga wa kwanza wa mwanangu niliuandaa kwa mkono wangu. Alikuwa na miezi sita na ushei. Nilinunua mahindi, ulezi, mchele, karanga, soya, na ngano kilo moja. Nikachambua, nikaosha, nikaanika uani juu ya mkeka, na kutwa nzima nikakaa kibarazani kuwafukuza kuku. Jioni nikajitwika ndoo hadi mashine ya kusaga. Nilirudi nyumbani na unga wa moto, unanukia, nikajiona mama kamili.

Alipofika miezi kumi akaanza kuharisha. Haikuwa kule kuharisha kwa siku mbili tatu ambako watu husema kunaletwa na meno. Choo kilikuwa kingi, cheupe, kina mafuta juu, na harufu yake ilibaki chumbani hata baada ya kufua nepi na kupiga deki. Tumbo likavimba kama ngoma. Mikono na mapaja yakanyauka, matako yakabaki mikunjo mitupu ya ngozi. Kilichoniuma zaidi ni tabia yake kubadilika. Mtoto aliyekuwa akimchekea kila mpita njia akawa wa kulia kutwa, hataki kubebwa, hataki kulazwa.

Kwenye kadi ya kliniki mstari uliokuwa ukipanda vizuri katika rangi ya kijani ukalala, kisha ukateremkia kijivu. Muuguzi akaniuliza nampa nini, nikamweleza, akasema vizuri mama, ongeza lishe. Nikaongeza. Kila alipopungua, mimi nilizidisha kijiko. Akiukataa uji, nilimlowekea mkate kwenye maziwa, na akimeza vipande viwili vitatu nilimshukuru Mungu.

Tanga, kama pwani nzima, mtoto anayekonda namna ile ana jina: kabemendwa. Maana yake wazazi wamemharibu kwa kukutana kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao katoka nje ya ndoa, na kosa lao limemwingia mtoto. Hakuna aliyeniambia usoni. Lakini nilikuwa nikifika kisimani maneno yanakatika, na siku moja wifi yangu alileta dawa ya kuogeshea mtoto, akaiweka mlangoni bila kuniangalia. Mume wangu naye akaanza kunitazama kwa jicho la kuuliza. Nami, sikufichi, nilimtazama hivyo hivyo. Miezi mingi tulilala tumepeana migongo, kila mmoja akimshitaki mwenzake kimoyomoyo kwa jambo ambalo hakuna aliyelitenda.

Hospitali hatukuacha kwenda. Alipewa dawa za minyoo, akapewa za amiba na za giadia, akapimwa kifua kikuu, akapimwa virusi. Siwalaumu waliompima hayo, kwa sababu hayo ndiyo yanayowaharisha watoto wetu wengi, na daktari huanza na kilicho karibu. Damu yake ilikuwa 7.6. Akanywa dawa ya madini ya chuma miezi mitatu, damu ikabaki pale pale, kama vile tulikuwa tunamwaga dawa mchangani. Alipotimiza miaka miwili alikuwa na kilo 8.9.

Kilichotufungua macho ni msiba. Alifariki babu yake mume wangu katika kijiji kimoja huko Pangani, tukaenda kuzika, tukakaa siku kumi na nane. Kijiji kile mkate haukuwa unafika kila siku, na unga wangu wa lishe niliusahau nyumbani. Mtoto alikula walichokula wenyeji: muhogo wa nazi, ndizi za kuchemsha, wali, samaki wa kupaka. Siku ya sita akapata choo kilichoshikana. Siku ya kumi akaenda mwenyewe kufukuza kaa ufukweni, akarudi anacheka. Nililia. Wote tukasema ni hewa ya bahari, bibi mmoja akasema ni maji ya kisima chao, na tuliporudi Tanga tulibeba madumu mawili ya maji hayo. Asubuhi ya kwanza nyumbani nikampikia uji wa lishe mzito, nikijua amepungukiwa siku zote zile. Haikupita wiki, tumbo likarudi.

Nilipomsimulia daktari wetu safari ile, aliweka kalamu chini. Akaniuliza tena, polepole, kule mlikula nini na hapa mnakula nini. Akasema anaishuku ngano, akatuandikia barua ya kwenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa matumbo ya watoto.

Nadhani sehemu ya ushuhuda huu iliyo nzito kwangu ni hii. Njiani, ndani ya basi, mimi na mume wangu tulishakubaliana kwamba ngano haitaingia tena mdomoni mwa mtoto. Yule bingwa akatukataza. Alisema kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza kwa sababu ya ngano. Ukiiondoa mapema, zinapungua, kipimo kinasema hakuna kitu, na unaweza kubaki maisha yako yote hujui. Kwa hiyo aendelee kula mkate hadi tumalize vipimo. Tulisubiri wiki tatu: majibu ya damu, kisha nafasi ya kumwingizia kamera mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo na kuchukua vinyama vya kupima. Wiki tatu nilimkatia mkate kila asubuhi huku nikijua. Zamani nilimlisha kwa kutojua, na hilo nimejisamehe. Zile wiki tatu bado naziona: kipande, mkono wangu, mdomo wake unafunguka kwa imani.

Majibu yalitoka kwamba ana siliaki. Daktari alichora kwenye karatasi utumbo wenye vijidole vidogo vilivyosongamana kama manyoya ya busati, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Kisha akachora utumbo wa mwanangu, busati lililochakaa likabaki turubali. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya inayoitwa rai, mna protini iitwayo gluteni. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika utumboni kinga ya mwili huamka na kuushambulia utumbo wenyewe. Ndiyo maana hata ile dawa ya damu ilipita tu. Duniani inakadiriwa mtu mmoja katika kila mia anao ugonjwa huu, wengi bila kujua. Tulizoea kuusikia, yaani wale wachache waliowahi kuusikia, kama ugonjwa wa Wazungu, kumbe uko sana Afrika ya Kaskazini na nchi za Waarabu pia. Ukoo wa mume wangu una damu ya Hadhramaut. Daktari alitikisa kichwa tu alipoelezwa hilo, akasema mtoto hahitaji nasaba ili augue, lakini ndugu wa tumbo moja na wazazi wapimwe. Tulipimwa, tukatoka salama.

Mume wangu aliuliza dawa ni ipi. Daktari akasema dawa ni chakula, basi, kwa maisha yote, na hakuna kijiko cha kuonjea. Akatusimulia habari ya daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa ameshaanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, vitani, chakula kilikatika Uholanzi hata watu wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Mkate ukatoweka. Watoto wote walitaabika na njaa, lakini wale wenye siliaki wakaanza kupata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua upya. Mwaka 1950 akayaandika hayo katika tasnifu yake. Nilimsikiliza nikiwa nimepakata mtoto, nikaiona Pangani. Tulikuwa na ushahidi ule ule mkononi, nasi tukabeba maji ya kisima.

Nilirudi nyumbani nikafungua kabati. Mkate, maandazi, chapati, tambi, biskuti, hayo yanaonekana. Yasiyoonekana ndiyo yenye kazi: soseji, sosi ya soya, baadhi ya viungo vya mchuzi vya pakiti, vinywaji vya kimea, kuku wa kukaanga aliyepakwa unga. Na mashine ya kusaga. Mahindi ni salama, ulezi ni salama, mtama ni salama, lakini jiwe lililosaga ngano ya jirani yako saa nne, saa tano linasaga ulezi wako. Nikazungumza na kijana wa mashine. Jumamosi nawahi kabla hajafungua, yeye anasafisha, tunapitisha kilo mbili za mahindi ambazo ninawapa kuku, ndipo tunasaga za mtoto. Hajawahi kunitoza zile kilo mbili.

Lakini nisiandike kana kwamba tulihamia jangwani. Nilipotulia niligundua jiko la bibi yangu mzaa mama lilikuwa linamngoja mtoto huyu. Mkate wa kumimina ni mchele, nazi, hamira na iliki. Mkate wa mofa, ule wa asili, ni mtama. Uji wa futari wa mchele na pilipili manga, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbivu za nazi, kunde, mbaazi. Ngano imeingia kwa nguvu kwenye chai zetu za asubuhi kwa sababu ni rahisi, unanunua dukani umemaliza. Nilirudi kuloweka mchele usiku.

Siku ya nane bila ngano alilala usiku kucha. Wiki ya tatu akaanza kuomba chakula. Hakuwahi kuomba chakula kabla ya hapo, ndiyo maana sikuelewa anataka nini aliponivuta kanga hadi jikoni. Damu ilipanda bila kubadilishiwa dawa. Alianza na kilo 9.1 akiwa na miaka miwili na miezi minne. Mwaka mmoja baadaye mizani ilisoma 13.6.

Katikati tulianguka. Mwezi wa tano akaanza tena kuharisha, nami nikapekua kila pakiti nyumbani bila kuona kitu. Ilinichukua wiki mbili kuvifikiria vitumbua. Nilikuwa namnunulia viwili kila asubuhi kwa mama wa pale kona, kwani kitumbua ni mchele. Nilikwenda alfajiri nikamkuta anakoroga. Nikamwamkia, nikamuuliza. Akasema, "Mwanangu, mchele mtupu unachanika. Natia ukufi mmoja wa ngano, ndoo nzima hii, ukufi tu." Nikamweleza. Alishika kichwa, akaketi kwenye kigoda chake, akawa anasema, "Mimi? Mimi nimemlisha?" Nilimshika mkono, kwa sababu neno lile nalijua. Tangu hapo mwanangu ana kijungu chake kisicho na ngano pale, hukaangiwa wa kwanza kabla ya mafuta kuchanganyika.

Mama mkwe alichukua muda zaidi. Kwake, kumnyima mtoto andazi wakati wenzake wanakula ni ukatili, na mara mbili nilimkuta akimpa kipande chini ya upindo wa kanga. Hatukugombana. Mara ya pili mtoto alipougua nilimpeleka kwake alale huko siku tatu, yeye ndiye aamke naye usiku, yeye ndiye amsafishe. Sikumwambia kitu. Siku ya nne alikuja mwenyewe amembeba mgongoni, akasema, "Nimeona, mwanangu." Idi iliyofuata yeye ndiye aliyeamua kwamba sinia la watoto lisiwe na ngano hata punje. Kwetu watoto hula sinia moja. Ukimtengea mmoja sahani yake kando, umemtoa kwenye ukoo. Boko boko, kwa kuwa ni la ngano, lilipikwa, likaliwa na wakubwa chumba kingine. Watoto kumi na moja walikula biriani na vitumbua, na wa kwangu mkono wake ulikuwa katikati.

Tangu habari zienee, mama wengi hunijia na watoto wanaoharisha, wakitaka niwaambie waondoe nini. Nawaambia wasiondoe kitu. Nawasindikiza hospitali. Mtoto mdogo akikatiwa vyakula kwa kubahatisha anaweza kudhoofika kwa njaa nyingine, na ukiondoa ngano kabla ya kipimo umefukia ushahidi. Wawili nilioenda nao walikutwa na giadia, wakapona kwa dawa za siku chache, wanakula mkate hadi leo. Nilifurahi kwa ajili yao, furaha ya kweli.

Sasa ana miaka saba. Mwezi uliopita tulikuwa harusini Ngamiani, wanawake wanagawa vyakula, mimi niko mbali, katika mazungumzo yangu. Nikamwona amesimama mbele ya bibi mmoja mwenye sufuria, mikono nyuma kama tulivyomfunza.

"Shikamoo bibi. Hiki kina ngano?"

"Marahaba. Ngano? Ndizo sambusa hizi, baba. Hutaki?"

"Mimi siwezi. Utumbo wangu unaumia."

Yule bibi alimtazama kidogo, akamkabidhi mwenzake sufuria, akaingia jikoni. Alikawia. Alirudi na sahani ya wali na kipande cha nguru, akasema amemuuliza mpishi, samaki hakupakwa unga. Akavuta mkeka, akaketi karibu naye, akaanza kumtolea miiba.