Njia ya Mbuzi Mlimwani

Kiangazi cha mwaka 1977 nilikuwa kibarua wa wapima ardhi mjini Dodoma, na kazi iliyotutoa jasho kuliko zote ilikuwa kupandisha saruji juu ya mlima Mlimwa. Mimi ni mtu wa Hombolo. Kwetu ukitaja kitu kikubwa unataja bwawa, lile lililojengwa mwaka 1957, hutaji mlima. Tumekulia kwenye tambarare ambako mgeni akija unaanza kuona vumbi lake, yeye mwenyewe baadaye. Kwa hiyo nilipokabidhiwa ngata na debe nikaoneshwa ule mwamba, sikuwa na la kujivunia ila shingo ngumu, nayo niliipata kwa kumchotea mama maji.

Dodoma ya wakati ule haikufikisha watu 50,000. Oktoba 1973 TANU ilikuwa imeamua makao makuu yahamie huko, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ndiyo CDA, na mwaka 1976 ramani kuu iliyochorwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, ikawa tayari. Sisi vibarua hatukuiona ramani hiyo kwa macho. Wapimaji waliisimulia wakati wa chai: mji usio na majengo ya kujitutumua, watu watembee kwa miguu, na vilima viachwe vibaki vilima. Hilo la mwisho lilinipendeza sana. Lakini hata kilima cha kuachwa lazima kipimwe kwanza, na wapimaji walitaka bikoni kileleni, ionekane kutoka mbali. Bikoni ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Kokoto tungezipata hukohuko juu. Vingine vyote vilikuwa vya kupanda kichwani.

Mpimaji wetu mkuu alikuwa kijana wa Pwani, mcheshi, mwepesi wa miguu, mwenye imani kubwa na mstari ulionyooka. Alisimama chini ya mlima akanyoosha kidole kwenye mwamba mtupu unaotazama mjini. "Tunapita hapa," alisema. Na kweli, ukiwa chini njia ile inashawishi. Kilele unakiona mwanzo hadi mwisho, hakuna kichaka cha kufyeka wala pa kupotea. Mnyapara alikataa. Yeye alitaka korongo lililo pembeni, akidai lina kivuli na mizizi ya kushika. Wakabishana, jua nalo likipanda bila kumsubiri mtu.

Katikati ya ubishi akatokea mzee na mbuzi wake. "Mbukwenyi!" alituamkia sote kwa mkupuo. Sisi wenyeji tukaitikia, mpimaji akamwamkia shikamoo. Mzee hakuutazama mlima hata kidogo. Alitazama mizigo yetu, akalishika debe langu kwenye ukingo, akalinyanyua kidogo kulipima uzito.

"Mwanangu," alimwambia mpimaji, "kinachopanda ni hiki au ni wewe?"

"Vyote viwili, mzee."

"Basi usifuate macho yako. Fuata mbuzi wenye mimba."

Tulicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Mbuzi dume hupanda popote, na mwanambuzi ndiyo kabisa, hata kwenye jiwe la kusimama wima atajaribu. Mwenye mimba huchagua. Njia yao ilizunguka nyuma ya mlima upande wa magharibi, ikapanda kwa kukata mshazari huku na huku, ndefu kiasi cha kumkatisha mtu tamaa. Kwa kukadiria tu ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mwambani.

Mpimaji alituruhusu tuifuate, ila yeye mwenyewe hakukubali kuzunguka. Alishika fito zake za kupimia, zile za rangi nyekundu na nyeupe, akapanda mwamba. Alifika mapema sana. Tulimkuta kileleni amejilaza chini ya jiwe, midomo imemkauka, anasubiri maji, na maji tulikuwa nayo sisi.

Nieleze kuhusu hayo maji, maana ndiyo yaliyonifundisha ule mlima. Debe likijaa ni lita 20, na lita 20 ni kilo 20. Mtu mwenye uzito huo kichwani hawezi kuinama ashike jiwe kwa mikono. Ana miguu miwili tu na mkono mmoja ulioshika debe. Tulikata vijitawi vya majani mabichi tukavilaza juu ya maji yasiruke, kama mama zetu walivyofanya tangu zamani, halafu tukapanda polepole tukipishanisha pumzi na hatua. Yalimwagika kidogo tu. Mnyapara, kwa ukaidi wake, alipita korongoni na kijana mmoja aliyebeba debe kama langu. Mawe ya korongoni huletwa na mvua na kuachwa popote yalipofikia, kwa hiyo yanacheza ukiyakanyaga. Miiba nayo hunasa mzigo kabla ya kukunasa wewe. Walitufikia wamechanika mashati, debe limebaki nusu. Kijana yule aliapa kwamba aliona kifutu, na sikumbishia, kwa sababu penye pimbi wengi nyoka hakosekani, na pimbi pale walikuwa wakituchungulia kila mwanya wa jiwe.

Njia ya mbuzi ilikuwa na faida nyingine ambayo mzee hakuitaja. Asubuhi upande wa magharibi una kivuli cha mlima wenyewe, na jua halikutupata sawasawa mpaka tulipokaribia juu. Huko juu tulipokelewa na upepo. Anayeujua upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hahitaji maelezo. Ulipeperusha saruji kavu ikatuingia machoni na puani, tukaishia kukoroga zege tumejipanga mstari tukiupa upepo migongo.

Mwamba ulimwonesha mpimaji tabia yake jioni, wakati wa kushuka. Itale ya Dodoma humenyuka magamba, na magamba yakisagika yanakuwa changarawe nyembamba iliyotandazwa juu ya jiwe tambarare. Unapopanda, kidole cha mguu huikandamiza ikatulia. Unaposhuka kisigino kinatangulia, na changarawe inabingirika chini yake. Alishuka amekaa, suruali ikaisha makalioni. Kesho yake alizunguka na sisi bila kusema neno, na mzee wa mbuzi, tulipompita, naye kwa heshima hakusema neno.

Miaka imepita. Serikali imehamia Dodoma kwa kishindo tangu 2016, mji ukawa jiji mwaka 2018, na sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179. Katika idadi hiyo tumo hata sisi wa Hombolo, tulio umbali wa kilomita 40 hivi kutoka stesheni, maana nasi tu watu wa jiji siku hizi. Vijana wanapanda Mlimwa kwa mazoezi wamevaa raba, na wakijua kwamba niliwahi kufanya kazi pale wananiuliza njia fupi ni ipi. Mimi huwauliza wamebeba nini. Mwenye chupa ya maji mkononi na magoti ya miaka ishirini apite anakotaka. Mwenye mtoto mgongoni, au anayempandisha mama yake mwenye shinikizo la damu akaone mji, hana haja na ufupi. Amtafute mtu wa jirani na mlima amwoneshe palipo na mshazari, na kama sehemu ya chini imeshaingia kwenye viwanja vya watu, abishe hodi aombe kupita. Ila wengi hawapendi jibu linaloanza kwa swali.

Mjukuu wangu anayesoma mjini alinipigia juzi kwamba wanapanda Jumamosi jioni, na watapita mwambani kwa sababu picha zinatoka vizuri jua likizama.

"Mtashukia wapi?"

"Palepale, babu."

"Gizani?"

"Babu jamani, simu zina tochi."

Nikamuuliza, mkono mmoja ukishika simu na mwingine ukishika viatu vya mwenzake aliyeshindwa, mwamba atamshikia nani.